Kasuku akipiga hodi, utamjibu?

Wiki hii tuwape likizo wanaogombania wapenzi, tumzungumzie kiumbe mwenye mdomo kuliko kondakta wa daladala. Ni kasuku!

Simsemi yule mkubwa wa kijivu wa misitu ya Congo. Mwaka 2016 nchi zilikutana Johannesburg zikakubaliana kufunga biashara ya kimataifa ya wale wanaokamatwa porini. Kwa hiyo mtu akikunyemelea barabarani anakuuzia mmoja kwa bei ya kutupa, kimbia, hilo soo.

Namsema kokateli, kasuku mdogo ambaye asili yake ni Australia. Kutoka kichwani mpaka ncha ya mkia ni kama sentimita 30 hivi. Ana kishungi kichwani na mashavuni duara mbili za rangi ya chungwa, utadhani kajipodoa anakwenda harusini. Ni mmoja wa ndege wanaofugwa sana majumbani duniani, na swali la kwanza la kila mgeni ni lile lile: "Anaongea huyu?"

Anaongea, ila usitegemee hotuba. Sauti yake nyembamba, kama redio iliyoishiwa betri. Maneno machache tu, na lazima utege sikio. Msemaji ni dume, jike mara nyingi hukaa kimya. Kwenye mluzi ndiyo usiseme, dume atakupigia mpaka majirani wageuke wakidhani wanaitwa.

Sasa somo lenyewe. Mchukue akiwa mdogo, mpe siku azoee nyumba kwanza. Chagua neno moja fupi, mfano "mambo". Zima redio, zima TV, kaa naye karibu dakika 10 asubuhi na 10 jioni. Sema kwa furaha, maana ukisema kama unasoma taarifa ya msiba hatakusikiliza. Litumie neno hilo kwa tukio lile lile: ukifunua tundu asubuhi, "mambo!" Mluzi uuache kwanza, kwani kwake ni rahisi zaidi na akiuzoea maneno atayaona kazi. Halafu subiri. Inaweza kuchukua miezi, na wengine hawasemi neno mpaka wanazeeka. Usimpigie kelele, hana deni lako.

Mbinu nyingine ni ya wivu. Mwaka 1977 mwanasayansi Mmarekani, Irene Pepperberg, alinunua kasuku wa kijivu kwenye duka moja la Chicago, akamwita Alex. Badala ya kumkaririsha, watu wawili walikaa mbele yake. Mmoja anaonyesha kitu na kuuliza, mwenzake anajibu, na akipatia anapewa kitu chenyewe. Alex anatazama tu, roho inamuuma. Naye akaanza kujibu ili apewe! Mpaka anakufa mwaka 2007 alikuwa anajua maneno kama 100, na rangi na maumbo alikuwa anavitaja.

Shuleni tulikuwa tukiambiwa tusikariri kama kasuku. Kumbe kasuku hakariri hovyo, ananasa kile kinachosemwa kwa moto. Na nyumbani kwako, bwana, ni maneno gani yanasemwa kwa moto? Ndiyo hayo hayo!

Mwaka 2006 huko Leeds, Uingereza, kasuku mmoja wa kijivu alianza kuita jina la mwanamume mwingine mbele ya bwana mwenye nyumba, tena kwa sauti ya mpenzi wa huyo bwana. Ilikuwa kasheshe! Mapenzi yakavunjika hapo hapo. Lakini sikiliza mwisho wake: ndege hakuacha kuita lile jina, naye akahamishwa. Wakubwa wamekosana, ndege kapoteza nyumba.

Mwaka 2020, kwenye hifadhi moja ya wanyama Lincolnshire, huko huko Uingereza, kasuku watano wa kijivu ilibidi watenganishwe na kuondolewa mbele ya watalii kwa kuporomosha matusi. Mmoja akitukana, wenzake wanacheka. Hawakuzaliwa na matusi wale, walitoka nayo kwenye nyumba za watu. Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Mimi wangu nilimfundisha "mambo" kwa miezi. Neno lake la kwanza likawa "hodi". Hakuna aliyemfundisha. Alikuwa anasikia kila anayekuja anapiga hodi, halafu sote tunachangamka, "karibu, karibu!" Naye akaona kumbe hili ndilo neno la kuita watu. Sasa nikitoka chumbani tu, nasikia kutoka kwenye tundu: "Hodi!" Nisipoitika, anapiga tena.

Hapo ndipo nilipo na neno na wewe. Ndege hawa porini wanakaa kwa makundi, wanaitana mchana kutwa ili asipotee mtu. Ukimweka peke yake, kundi lake ni wewe. Akiiga sauti yako hafanyi sarakasi kwa ajili ya wageni, anakuita. Na akitunzwa vizuri anaishi miaka 15 hadi 20, pengine zaidi. Utapata kazi, utahama geto, utaoa au kuolewa, yeye bado anaita. Wengi wanamnunua kwa sababu ya mchecheto wa wiki mbili, baadaye tundu linasukumwa kwenye kona jikoni. Na jikoni kwenyewe ni hatari: kikaango cha teflon kikiungua, moshi wake unaua ndege upesi, na parachichi, ambalo sisi tunalipenda, kwake ni sumu.

Kwa hiyo kama wewe ni mtu wa kutoka alfajiri na kurudi usiku wa manane, achana naye, nunua redio. Lakini kama una muda na moyo, mchukue, mwongeleshe vizuri, na vita vyenu vya mapenzi mkavipigane nje.

Je, nyumbani kwenu kasuku angekuwepo, neno lake la kwanza lingekuwa lipi? Jijibu kimoyomoyo. Tukutane wiki ijayo, mtu wangu!