Jiwe la Westminster na Mapango ya Shimoni

Kila kaskazi inapovuma, hoteli za Diani hujaa wageni wanaoikimbia baridi ya kwao. Mimi, mwenyeji wa Kwale, nilikwenda kinyume nao. Mwezi wa Januari, baada ya kongamano la wanaisimu, nilibakiwa na siku moja mjini London, nikaamua kuitumia kuyatazama majengo yao ya kale. Juu ya baridi ile sitasema mengi. Yatosha kwamba koti la kuazima lilinipwaya, na pumzi ikinitoka kinywani kama moshi wa kifuu.

Nilianzia kwenye daraja la Westminster, mbele ya mnara ambao wengi huuita Big Ben, ilhali Big Ben ni kengele iliyomo ndani, inayolia tangu mwaka 1859; mnara wenyewe ulipewa jina la Malkia Elizabeth mwaka 2012. Kutoka hapo nikaingia katika kanisa la kale la Westminster Abbey, kwa kupenda historia na, kusema kweli, kwa kutafuta joto.

Humo sakafuni limo kaburi la David Livingstone. Wasomaji wetu wanakijua kisa chake. Alifariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo. Wafuasi wake waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, kisha wakaubeba kwa miguu takribani miezi tisa hadi Bagamoyo. Akazikwa Westminster tarehe 18 Aprili 1874. Walioongoza msafara ule ni Abdullah Susi na James Chuma, na aliyefuatana na maiti hadi Uingereza ni Jacob Wainwright. Susi na Chuma walifika huko mazishi yakiwa yamekwisha.

Je, jiwe lasema nini juu yao? Lasema kwamba marehemu aliletwa na mikono yenye uaminifu, kupitia nchi kavu na bahari. Basi. Kitenzi kimewekwa katika kauli ya kutendwa, na mtendaji, ambaye jina lake lilijulikana, amepunguzwa akawa kiungo cha mwili. Wanafunzi wangu hudhani sarufi ni mambo ya mtihani tu. Ningependa walisome jiwe hilo.

Lakini sikushika kalamu ili niwalaumu Waingereza. Kilichonishughulisha zaidi ni watoto wa shule waliokuwa wamejaa humo na walimu wao, pua zimewaiva kwa baridi, wakiandika madaftarini. Chuma, ambaye hawakumkuta jiweni, alikombolewa utotoni kutoka msafara wa watumwa mwaka 1861. Na watu waliotekwa kama yeye ndio tunaosimuliwa kwamba walifungiwa katika mapango ya Shimoni wakingojea kuvushwa. Nauliza: ni wanafunzi wangapi wa Msambweni, walio karibu hivyo na Shimoni, waliokwisha kuyaingia mapango hayo? Wa Kinango je?

Wala si Shimoni peke yake. Pale Mto Mwachema unapomwaga maji baharini, umesimama Msikiti wa Kongo katikati ya mibuyu, una umri wa karne kadhaa, na hadi leo watu huswali ndani yake. Gazi palikuwa makao ya Mbaruk bin Rashid Mazrui, aliyepigana na Waingereza mwaka 1895 na 1896 hata akakimbilia upande wa Wajerumani. Kaya Kinondo ya Wadigo, pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda, iliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Kijana wa ufuoni Diani anaweza kumsimulia mgeni habari za Kaya kwa Kijerumani au Kiitaliano. Mdogo wake nyumbani hajasimuliwa kwa Kidigo wala kwa Kiswahili. Hapo ndipo ninapoona hatari. Habari isiyo na msikilizaji katika lugha yake hugeuka bidhaa, na bidhaa hukatwa kwa kipimo cha mnunuzi.

Mwalimu mmoja aliniambia kwamba mtihani hauulizi juu ya Kongo. Ni kweli, na nauli pia si haba kwa mzazi mvuvi. Hata hivyo, Mtaala wa Umilisi wataka mtoto ajifunze kutokana na mazingira yake, nasi tuna mazingira ambayo watu huruka bahari kuja kuyaona. Darasa moja kwa muhula si wengi mno. Wanafunzi waende na daftari, wawaulize wazee majina: jina la pango, la kisima, la mbuyu, la ukoo ulioishi hapo. Wayaandike kama yanavyotamkwa, kwa Kidigo, kisha waeleze kwa Kiswahili. Daftari hizo zihifadhiwe shuleni. Mimi na wanafunzi wangu wa isimu tuko tayari kusaidia kuzipanga.

Muhula wa kwanza ndio unaofaa, kabla masika hayajaziharibu njia. Anayekwenda Kaya Kinondo asihangaike kununua kaniki. Wageni hupewa pale pale.