"Bado inatembea" si jibu, jamani!

1/8
Mama wenzangu, leo siongelei chanjo wala uji wa lishe. Leo naongelea karaba keusi kaliko nyuma ya tairi la mbele la gari lako. Najua kuna watakaosema, "Nesi na magari wapi na wapi?" Subirini kidogo. Nina sababu, na sababu yenyewe ina miaka mitatu na sasa hivi imelala chumba cha pili.

Kwa wiki kadhaa gari letu lilikuwa linalia tik-tik-tik kila likikata kona. Nikamwambia baba watoto. Akasema, "Ni CV hiyo, bado inatembea." Nikamuuliza fundi. Akacheka, "Sista, wewe tembea tu, ikifa utaijua."

Kweli, tuliijua. Saa nane usiku mtoto joto limepanda, degedege limemshika. Nimempakata nyuma, nimemlaza kwa ubavu, simwekei kitu mdomoni, nahesabu dakika. Tunatoka getini, baba anakata kona kuingia barabarani, tukasikia "kraa!" Injini inanguruma, gari haliendi hata hatua moja. Tulifika hospitali kwa bajaji ya jirani, mimi nikiwa na gauni la kulalia. Mtoto alipona, namshukuru Mungu. Ila mimi, ninayewafundisha wamama wenzangu kila siku kuwahi hospitali, nilikuwa nimeacha usafiri wa mwanangu ufe huku nausikia ukilia.

2/8
Sasa tuelewane ni kitu gani hiki. Kwenye magari mengi madogo ya familia, injini inazungusha matairi ya mbele. Nguvu inatoka kwenye gia boksi kwenda kwenye tairi kwa chuma kinachoitwa shafti. Lakini tairi la mbele linakata kona na kupanda na kushuka kwenye mashimo, kwa hiyo shafti inahitaji viungo, kama mkono wako unavyohitaji kiwiko na bega. Kiungo hicho ndicho jointi ya CV. Ndani ya ile ya upande wa tairi kuna gololi za chuma, mara nyingi sita, zinazoteleza kwenye mifereji yake zikiwa zimezama ndani ya grisi.

Na juu yake kuna raba yenye mikunjo, kama shingo ya ule mrija wa juisi unaokunjika. Kazi yake ni mbili tu: grisi isitoke, uchafu usiingie. Kila shafti ina raba mbili, kwa hiyo gari la namna hii lina raba nne. Hata zile pikipiki za matairi manne zinazopita kwenye matope na mchanga, zenye shafti za hivi, zinabebwa na raba hizi hizi.

3/8
Hapa ndipo ninapogombana na watu. Raba ikipasuka, gari halisemi kitu siku hiyo. Linaenda vizuri kabisa. Ndiyo maana mafundi na wanaume wetu wanasema "bado inatembea". Jamani, hata mgonjwa mwenye presha huwa anatembea! Anatembea mpaka siku anaanguka sokoni.

Kinachotokea ni hiki. Shafti inazunguka kwa kasi, grisi inarushwa nje kupitia ule mpasuko. Vumbi na maji ya madimbwi vinaingia. Mchanga ukichanganyika na grisi iliyobaki unakuwa msasa, unakwangua gololi na mifereji yake kila tairi linapozunguka. Ule mlio wa tik-tik kwenye kona maana yake chuma kimeshaanza kuliwa. Ukisikia mlio, muda wa kuokoa jointi kwa raba peke yake mara nyingi umeshapita.

Kwa hiyo anayekwambia "subiri ilie" anakwambia usubiri kidonda kioze ndipo ununue bandeji. Raba ya gari letu na grisi yake nilikuja kuinunua kwa hela ya pakiti moja ya pampasi. Jointi ilinitoa mara kadhaa ya hapo, ukiacha bajaji, kulivuta gari, na ile hofu ambayo haina bei.

4/8
Halafu kuna jambo hakuna aliyewahi kuniambia, nami nawaambia nyie wenye watoto wanaocheza uani. Shafti ikikatika au jointi ikiachia, gari la otomatiki linaweza lisishikwe na P. Kufuli ya P iko ndani ya gia boksi, na gia boksi inashika matairi kupitia hizo hizo shafti. Upande mmoja ukiachia, tairi zinaweza kuzunguka na gari likateremka. Sisi tulikuwa kwenye kamteremko. Baba aliweka P, gari likaanza kurudi nyuma kuelekea getini. Kilichotuokoa ni hendibreki.

Likikukuta: kanyaga breki, vuta hendibreki mpaka mwisho, weka jiwe nyuma ya tairi, ndipo mshuke. Sasa nani bado ananiambia ni karaba tu?

5/8
Namgeukia fundi. Si mafundi wote, wapo wazuri sana, lakini huyu wa kwanza aliyetuhudumia aliniumiza. Miezi kabla ya usiku ule alituona raba imepasuka. Akaleta raba iliyochanwa upande mmoja, akaizungushia shafti bila kufungua chochote, akaibandika kwa gundi, akaibana kwa kamba ya plastiki ya kufungia nyaya. Dakika ishirini, hela kapokea, kaondoka. Ile grisi yenye mchanga ikabaki ndani ileile.

Wodini sisi hatufungi kidonda kina tope. Mwanafunzi wa uuguzi akifanya hivyo anaitwa ofisini. Unasafisha kwanza, unaangalia kina chake, ndipo unafunika. Kufunika uchafu ni kuuficha tu. Raba ya kubandika ina mahali pake: umeharibikiwa njiani, mbali na mji, unataka kufika. Haiwi matibabu.

6/8
Kazi iliyokamilika inakuwaje? Mama, usimame pale uione, na usiogope kuuliza.

Gari linyanyuliwe na liwekwe kwenye stendi za chuma, siyo jeki peke yake. Mtu haingii chini ya gari lililoshikwa na jeki tu, na watoto wakae mbali. Nati ya katikati ya tairi ifunguliwe, shafti itolewe, jointi ivuliwe. Grisi ya zamani ioshwe yote, jointi ikaushwe, kisha gololi na mifereji viangaliwe. Pakiwa na vishimo au pamekwaruzika, raba mpya haitaponya, nunua jointi. Pakiwa laini, una bahati, umewahi.

Grisi iwe ile maalumu ya CV inayokuja na raba, na itumike yote. Siyo ile ya kwenye kopo la gereji ambalo kila mtu anachovya kidole. Raba ifungwe kwa klipu za chuma pande zote mbili. Nati ikazwe kwa kipimo cha gari lako na ifungwe isilegee. Baada ya siku chache angalia tena kama kuna grisi imevuja.

7/8
Kinga sasa, maana kinga ndiyo kazi yangu.

Mara moja kwa mwezi, kama unavyopeleka mtoto kliniki: simamisha gari sehemu tambarare, zima injini, vuta hendibreki. Kata usukani mpaka mwisho upande mmoja, chukua tochi ya simu, chungulia nyuma ya tairi la mbele. Angalia ndani ya mikunjo kama kuna nyufa. Gusa kama kuna grisi mbichi kwenye raba, au imerukia upande wa ndani wa rimu. Rudia upande wa pili. Zile raba mbili za ndani, karibu na gia boksi, mwambie fundi azikague kila anapomwaga oili.

Ukitoka kwenye tope, osha chini kwa maji ya kawaida. Kijana wa kuosha magari asisogeze bomba la presha karibu na raba. Mkataze pia kupulizia dizeli au oili chafu chini ya gari eti kuzuia kutu, maana vitu hivyo vinadhoofisha raba. Ukiona kamba ya katani, waya au mfuko umejiviringisha kwenye shafti, uondolewe siku hiyo hiyo. Na fundi akibadilisha breki, mwambie, "Kaka, angalia bisibisi yako isichome raba." Atashangaa. Mwache ashangae.

8/8
Najua tunavyoambiwa: gari ni mambo ya baba. Sawa, lakini saa nane usiku mtoto hayuko mikononi mwa gereji, yuko mikononi mwako. Gari la familia ndiyo ambulensi yetu wengi. Hatuwezi kulikagua siku ya dharura.

Wababa mnaonisoma, simgombanishi mtu na mume wake. Nyumbani kwetu sasa baba ndiye anayeshika tochi, mimi naandika kwenye daftari: tarehe, raba ipi, hali gani. Tumeliweka kwenye droo moja na kadi za kliniki za watoto.

Kesho asubuhi, kabla hujawasha gari, chungulia. Ukikuta mpasuko na bado halijaanza kulia, usinunue kitu kingine chochote mwezi huu kabla ya hiyo raba. Njoo hapa kwenye komenti uniambie umekuta nini. Na atakayekujibu "bado inatembea", msomee kuanzia namba moja.