Baina ya Alasiri na Isha: Mgeni Tumpeleke Wapi?



Likizo imekaribia. Kuanzia Kilifi hadi Mambrui, nyumba zetu zinatandika vitanda vya ziada, kwani jamaa wa Mombasa, Nairobi, Jidda na Uingereza wamo njiani kuja. Chakula cha wageni hao tumekwisha kukifikiria, na mama zetu hawahitaji kufundishwa jambo hilo. Swali la safu yetu wiki hii ni jingine: ikishaswaliwa Alasiri, mgeni tumpeleke wapi?

Swali hili si langu. Niliulizwa mwaka jana na binti wa marehemu kaka yangu, aliyekuja kutoka Uingereza na watoto wake watatu baada ya miaka tisa. Siku nne za mwanzo alikuwa akitembelewa na jamaa. Jioni ya tano tulikuwa sebuleni. Watoto wameinamia simu zao, feni inazunguka, na nje upepo wa kusi unavuma vizuri kabisa. Akaniambia, "Ami, nimewaleta wanangu waujue mji wa babu yao. Mpaka leo wameujua ukuta wa chumba tu. Jioni watu wa hapa huenda wapi?"

Nikamjibu kama wengi wetu tunavyojibu: "Mwanangu, usiku wa Malindi si wetu. Ni wa mahoteli, nyumba za kamari na disko." Niliona nimesema neno la busara. Kumbe mwanawe mkubwa, kijana wa miaka kumi na saba, alinisikia, naye akalifahamu kwa njia yake: kwamba mji huu una starehe moja tu, nayo ni ile. Usiku wa pili yake alitoka na vijana wa mtaani akarejea saa nane. Mama yake alimngoja barazani akilia. Sina haja ya kueleza alikotoka, wala sitamlaumu sana. Nilimfungia milango yote nikamwachia mmoja, naye akapita huo.

Na liko jambo jingine ambalo sina budi kulikiri, kwa kuwa nililisema hadharani na yapasa nilirekebishe hadharani. Miaka kadhaa iliyopita, katika darsa ya akina mama, niliwakemea wanaokwenda ufuoni jioni kupunga upepo. Nilisema mwanamke mwenye haya hukutwa nyumbani jua linapokuchwa. Baadhi yenu mliokuwapo mmeniambia kwamba tangu siku ile waume zenu wamelitumia neno langu kuwa kufuli. Nilitaka kuziba njia ya maovu, lakini nikaharamisha yasiyoharamishwa. Mwenyezi Mungu anisamehe, nanyi mniwie radhi.

Tuyatazame basi mafundisho yenyewe. Katika Sahihi mbili za Bukhari na Muslim imepokewa kwamba Bibi Safiyya, radhi za Mwenyezi Mungu zimshukie, alimzuru Mtume s.a.w. usiku msikitini alipokuwa katika itikafu. Walizungumza, na alipoinuka kurejea nyumbani, Mtume aliinuka naye amsindikize. Wakapita wanaume wawili wa Kiansari wakiharakisha mwendo, naye akawasimamisha akawafahamisha kwamba aliye naye ni Safiyya. Mwanamke alitoka usiku, mume akamsindikiza, na mlango wa dhana mbaya ukafungwa kwa neno la wazi. Hakumkemea mkewe kwa kutoka. Na siku ya Idi, Mtume huyo huyo alimsitiri Bibi Aisha kwa shuka yake huku Bibi akiwatazama Wahabeshi wakicheza kwa mikuki, wala hakumharakisha mpaka alipotosheka mwenyewe.

Tunayo pia Hadithi ya kuwazuia watoto jua linapokuchwa, kwa sababu mashetani huenea wakati huo. Hadithi hiyo hiyo inaendelea kutwambia tuwaachilie ikipita saa ya usiku. Wengi wetu tumeishika nusu ya kwanza tukaisahau ya pili. Ama kuhusu kukesha kwa mazungumzo baada ya Isha, ni kweli Mtume s.a.w. alikuchukia, lakini Imamu Bukhari ameweka katika Sahihi yake mlango mahsusi wa mazungumzo ya usiku pamoja na mgeni na ahli. Dini yetu inaujua ugeni, na inajua kwamba ugeni una jioni zake.

Binti yule alinisimulia jambo lililonikosesha usingizi. Kabla ya kuja huku aliwapeleka wanawe Granada, katika nchi ya Uhispania. Waislamu waliutawala mji huo mpaka Januari 1492. Kasri lao, Alhamra, lingali limesimama juu ya kilima, na watalii huruhusiwa kulizuru hata usiku. Kwenye kilima kinacholikabili, mtaa wa Albaicín, Waislamu wa leo walifungua msikiti mwaka 2003, na msikiti huo una bustani inayoelekea kasri. Jioni watu wa kila dini huja kuketi sehemu hizo, wakingoja miale ya mwisho ya jua izigeuze kuta kuwa nyekundu, rangi iliyolipa kasri jina lake. Wanawe waliswali Magharibi pale pale. Akaniambia, "Ami, kule Uislamu ulifukuzwa, na jioni nilipata pa kukaa na wanangu. Hapa adhana naisikia mara tano, na jioni nafungiwa mlango."

Sikuwa na jawabu. Lakini asubuhi yake tulianza kutoka, na haya ninayowaandikia ndiyo tuliyoyafanya.

Tulianzia Mji wa Kale wa Malindi. Baada ya Alasiri, shuka kwa miguu hadi Msikiti wa Jumaa ulio ufuoni, penye makaburi ya kale ya nguzo. Waambie watoto kwamba mwanajiografia al-Idrisi aliutaja mji huu katika karne ya 12, na kwamba mwaka 1415 watu wa Malindi walimpelekea mfalme wa Uchina twiga aliye hai. Kisha fuata ufuo hadi Nguzo ya Vasco da Gama. Wako wazazi wasiopenda kufika hapo kwa sababu ya msalaba ulio juu yake. Mimi nasema nendeni, na mwelezeni mtoto kisa chote. Mreno huyo alifika Aprili 1498, miaka sita tu baada ya Granada kuanguka. Mfalme wa Malindi alimkirimu, akampa chakula na rubani wa kumvusha mpaka Bara Hindi. Karne moja haikutimia kabla ya Wareno kuanza kujenga ngome yao Mombasa, mwaka 1593. Mfalme wa Malindi akahamia huko chini ya kivuli chao, na mji wake ukafifia. Mtoto aliyesimuliwa hayo akiwa mbele ya nguzo yenyewe atajifunza jambo juu ya ukarimu, na jambo jingine juu ya kumjua unayemkirimu. Malizieni jeti, mahali pa kutembea na kutazama wavuvi.

Siku ya pili ni Gedi. Huko wahi mapema, kwani makumbusho hufungwa saa kumi na mbili jioni. Ni mji mzima wa mababu zetu ndani ya msitu: msikiti mkuu wenye kisima na birika lake la udhu, kasri, majumba, na kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, sawa na 1399 Miladia. James Kirkman alianza kuufukua mwaka 1948, na mwaka 2024 ukaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Ulimwengu umeutambua, na wako watoto wa Malindi wasioujua ila kwa jina la kituo cha matatu. Ingieni kwa adabu. Waombeeni waliozikwa humo rehema, wala msiwaombe wao. Kijana wetu wa miaka kumi na saba alisimama kibla cha msikiti ule muda mrefu. Akaniuliza, "Babu, kumbe hawa walikuwa wakiswali kama sisi?" Nikamwambia, "Mjukuu wangu, hawa ndio sisi."

Kutoka Gedi hakuna safari ndefu hadi Mida. Pale pana daraja la mbao linalopita kati ya mikoko, na mapato yake husaidia karo ya wanafunzi wa sekondari waishio kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke. Utalipa kiingilio kidogo, utaona ndege na maji yakipwa, na pesa yako itakuwa imesomesha mtoto wa mtu.

Ukipata gari, iko pia Nyari, kule Marafa, bonde la mmomonyoko ambalo kuta zake huwaka rangi nyeupe, waridi na nyekundu saa ya mwisho kabla ya jua kuchwa. Wazee wa Kigiriama husimulia kwamba palikuwa na watu matajiri waliooga maziwa ilhali majirani wana njaa, ardhi ikawadidimiza. Wataalamu husema ni kazi ya mvua na upepo juu ya udongo laini. Msikilize muongoza wageni, kisha msomee mwanao kisa cha Qaruni katika Suratul Qasas. Tahadharini na kingo, na mwondoke kabla ya giza. Wenzetu wa Kilifi wana Mnarani, magofu ya msikiti na kaburi la nguzo juu ya jabali, yanayotazama hori chini yake.

Lakini kama huna nauli ya popote, uko usiku usiolipiwa. Pwani yetu inaelekea mashariki, kwa hiyo hatuoni jua likizama baharini kama waonavyo wenzetu wa nchi nyingine. Badala yake tumepewa mwezi. Usiku wa tarehe 14 ya mwezi wa Kiislamu, mwezi mpevu huchomoza kutoka baharini karibu na wakati wa Magharibi. Siku hizo ndizo Ayyamul Bidh, ambazo ni sunna kufunga. Tulifunga, tukachukua mkeka, tende, birika la kahawa, mahamri na viazi karai, tukafuturu ufuoni mwezi ukipanda mbele yetu. Tuliwakusanya watoto juu ya mkeka mpaka tulipomaliza kuswali na saa ikapita, ndipo tukawaachilia wacheze. Hawakuingia majini, kwani siku hizo ni za bamvua: maji hujaa alasiri, na usiku hutoka kwa nguvu. Kisha bibi yao akaanza hadithi, "Paukwa!", nao wakajifunza kuitikia. Simu sikuziona tena usiku ule.

Yapo mashuruti, nami nitayataja kwa ufupi. Stara ibaki stara, kwa mwanamke na kwa mwanamume pia. Swala zisipite, anayepanga safari apange na pa kuswalia. Msipite penye ulevi kwa kisingizio cha kutazama. Na takataka zenu rudini nazo, maana kuondoa la kuudhi njiani ni katika tanzu za imani.

Ndugu zangu waume, neno langu la zamani lilikuwa kwa wake zenu; la leo ni kwenu. Kazi ya Mtume s.a.w. usiku ule ilikuwa kuinuka na kusindikiza. Ukimwona mkeo amechoka na kuta, usimtafutie fatwa ya kumweka ndani. Inuka, vaa viatu. Na vijana mnaokaa njiani mkiwatupia maneno mabinti wa watu, jueni kwamba nyinyi ndio mliowafungia ndani mama zenu.

Kwa kamati za misikiti iliyo karibu na ufuo na barabara kuu ninalo ombi moja. Binti wa kaka yangu alikosa mahali pa kutia udhu na kuswali Magharibi mara mbili katika juma moja, akaswali nyuma ya gari. Chumba kidogo, bomba la maji na pazia havitazidi uwezo wetu. Tukimwambia mwanamke asitoke kwa sababu Swala itampita, nasi ndio tuliomnyima pa kuswalia, hoja yetu itakuwa dhaifu mbele ya Mola wetu.

Aila ile imekwisha kurudi Uingereza. Kijana amenitumia ujumbe juzi, akiniuliza tarehe 14 ya mwezi itaangukia siku gani watakapokuja tena.

Ewe Mola wetu, zijaalie nyumba zetu ziwe za ukarimu, uwahifadhi watoto wetu mchana na usiku, na uwarehemu waliotutangulia katika imani katika ardhi hii. Wabillahi tawfiq.