Sindano ya leo isisubiri wiki ijayo

Mtoto anayekufa kwa kaswende katika nchi yenye penisilini ameuawa na uzembe. Hatuoni neno jingine la kutumia, na hatutalitafuta.

Bakteria wa ugonjwa huu walitambuliwa mwaka 1905. Tangu miaka ya 1940 inajulikana kwamba penisilini inawamaliza. Hata hivyo, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022 watoto wapatao 700,000 waliambukizwa kaswende wakiwa tumboni mwa mama zao. Mimba kama 150,000 zilitoka au ziliishia kwa mtoto kuzaliwa mfu, na vichanga 70,000 walifariki.

Anayedhani hayo ni mambo ya mbali arudi Mwanza. Watafiti waliofuatilia wajawazito huko, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2002, waligundua kuwa kwa akina mama ambao hawakupimwa, kaswende ndiyo iliyokuwa nyuma ya nusu ya vifo vya watoto waliozaliwa wafu. Walipata na jambo la pili, ambalo lingepaswa kutuondolea usingizi: mama aliyepimwa na kuchomwa sindano moja tu ya penisilini ya benzathini, yuniti milioni 2.4, hakuwa katika hatari kubwa kuliko mwenzake asiye na ugonjwa. Zaidi ya miaka 20 sasa jibu liko mezani, na limetoka kwenye zahanati zetu wenyewe.

Basi kinachokwama ni nini? Kaa kwenye benchi la kliniki ya wajawazito asubuhi moja. Mkunga anachoma ncha ya kidole, tone la damu linadondoshwa kwenye kikasha kidogo cha plastiki, na baada ya dakika 20 mistari inajitokeza. Kipimo cha siku hizi kinasoma VVU na kaswende kwa tone hilo hilo. Mama ana kaswende. Mkunga anafungua kabati, hakuna kichupa. "Njoo wiki ijayo." Mama ametembea saa mbili kufika pale, na nauli ya bodaboda ya kurudi ameikopa kwa jirani. Wiki ijayo ni ya palizi. Harudi, na kwenye kadi yake panabaki neno "chanya" lisilo na chochote mbele yake.

Au anaambiwa akanunue dukani, wakati sera ya nchi inasema mjamzito hatozwi. Au anapewa vidonge vya erithromaisini ili asiondoke mikono mitupu. Hapa wahudumu wanapaswa kuambiwa wazi: erithromaisini haivuki kondo la nyuma kwa kiwango cha kuaminika. Mama anaweza kupata nafuu huku mtoto akiendelea kuoza ndani. Penisilini ndiyo dawa pekee inayotambulika kumtibu mama na aliye tumboni kwa pamoja, kwa hiyo kabati likiwa tupu hakuna mbadala wa kweli. Tena siku zinahesabika, kwa kuwa sindano ikichomwa chini ya wiki nne kabla ya kujifungua, mtoto hahesabiwi kuwa amekingwa.

Mtoto mwenyewe huweza kuzaliwa akionekana mzima, na nyumbani watu wakala uji na kushangilia. Wiki chache baadaye pua inatoa makamasi yenye damu, ngozi ya viganja na nyayo inabanduka, tumbo linavimba, mkono mmoja hauinui kwa maumivu ya mifupa. Pale mimba inapotoka, majirani wanasema binti ana mchango na anapelekwa kwa mganga. Mimba ya pili nayo inatoka. Mume anatafuta mke mwingine, na bakteria anahama naye.

Tena huyo mume. Mke akitibiwa peke yake na kurudi kulala na mwanamume asiyetibiwa, dawa imemwagwa mchangani. Baba anayemsubiri mkewe nje chini ya mwembe aingie ndani, apimwe, achomwe. Sindano hiyo ni nzito na inauma kwelikweli, atavumilia.

Umaskini tusiufanye kichaka. Cuba ilithibitishwa mwaka 2015 kuwa imekomesha kaswende na VVU vya mama kwenda kwa mtoto. Oman, waliko wajomba na shangazi wa wengi wetu, ilifuata mwaka 2022. Mwaka huo huo Marekani, pamoja na utajiri wake wote, iliandikisha zaidi ya watoto 3,700 wenye kaswende ya kuzaliwa nayo.

Kwa VVU taifa hili lilionyesha linaweza: wafadhili walikuja, rejista zikajazwa, dawa zikafuatiliwa hadi kijijini. Kaswende, ambayo tiba yake ni nafuu na inaponya kabisa, ikaachwa ijitafutie. Tunazitaka halmashauri ziihesabu penisilini ya benzathini kama zinavyohesabu dawa za VVU, kichupa kwa kichupa, na kila mama mwenye majibu chanya achomwe kabla hajatoka getini. Zahanati ambayo leo haina dawa hiyo ibandike tangazo mlangoni, na mganga mkuu wa wilaya atie saini yake chini ya tangazo hilo, aeleze ni kwa nini na italetwa siku gani.