"Nzuri sana, mwanangu" si matokeo ya utafiti

Wanafunzi wa kompyuta katika vyuo vikuu vyetu hawakosi ubunifu. Kikundi hiki kimetengeneza programu ya kumkumbusha mjamzito siku ya kliniki, kile kimeleta ya bei za mazao, kingine ya hesabu za duka. Lakini fungua ripoti zao kwenye sura ya majaribio: nyingi zinaimba wimbo mmoja, kwamba watumiaji waliipenda. Jopo likishatoa alama, programu hiyo haifunguliwi tena na mtu yeyote.

Hatusemi wanafunzi wanadanganya. Watu waliwaambia hivyo kweli. Tunachosema ni kwamba sifa hizo hazithibitishi chochote, na ushahidi upo.

Mwaka 2012 Nicola Dell, aliyekuwa mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, alichapisha pamoja na wenzake utafiti waliofanya Bangalore, India, kwa mahojiano 450. Waliwaonyesha watu kazi mbili za kiteknolojia zilizofanana kabisa na kuwauliza wanapenda ipi. Ile ambayo watu waliamini imetengenezwa na anayewahoji ilipendelewa takriban mara 2.5 kuliko nyingine. Mhoji alipokuwa mgeni anayehitaji mkalimani, ikafika mara tano. Kisha wakaiharibu makusudi kazi ya mhoji, ubovu wake ukawa wazi kwa kila mwenye macho. Bado ikapendelewa.

Kama ni hivyo Bangalore, itakuwaje kwetu, ambako mgeni hakatishwi tamaa? Kijana wa chuo anafika sokoni na simu yenye programu aliyoitengeneza. Mama muuza nyanya anafuta mikono kwenye kanga, anampisha kwenye benchi, anaipokea simu kwa adabu. Anafika panapotakiwa kuthibitisha. Kidole gumba kinasimama hewani. Haangalii tena kioo, anamwangalia kijana usoni. "Bonyeza hapo kulia, mama." Anabonyeza. Akiulizwa anaionaje, anajibu: "Nzuri sana, mwanangu, Mungu akubariki." Huenda naye ana mtoto chuoni, na hawezi kumvunja moyo mtoto wa mwenzake.

Kidole kile kilichosimama hewani ndicho utafiti wenyewe, na ndicho kisichoandikwa popote. Kijana akiwa hayupo, mama atakwama palepale, na hapatakuwa na wa kumwambia abonyeze kulia.

Hapa ndipo kazi ya kikundi inapokuwa na maana. Aliyeandika programu asiwe ndiye anayeuliza, na asitambulishwe kuwa ndiye mwenye kazi. Mmoja aongoze mazungumzo. Mwingine asiseme neno, aandike tu anachokiona: wapi mtu alisita, alirudi nyuma mara ngapi, aliuliza nini. Mtumiaji asiulizwe "unaionaje?" bali apewe kazi ya kufanya, kwa mfano kumtumia dada yake shilingi elfu tano, kisha aachwe. Kumwacha ndiko kugumu. Mwanafunzi aliyekesha miezi akitengeneza kitu huwashwa mikono kukinyakua pale mtu anapokosea, na kujizuia huko kunafundishwa kwa mazoezi, hakusomwi kwenye vitini.

Wala si lazima watu wawe wengi. Jakob Nielsen, mtaalamu wa Denmark aliyebobea katika fani ya urahisi wa kutumia programu, ameeleza tangu mwaka 2000 kwamba watu watano kwa awamu moja hufichua sehemu kubwa ya matatizo. Cha msingi ni kurekebisha kisha kurudi kujaribu tena.

Faida ya kutazama watu wanachofanya tunaitumia kila siku. M-Pesa ilipojaribiwa Kenya mwaka 2005, ililenga wakopaji wadogo walipe mikopo yao kwa simu. Wao wakaanza kutumiana fedha kwa mahitaji yao mengine. Waliosimamia jaribio waliliona hilo na kulifuata, na huduma iliyozinduliwa mwaka 2007 ikajengwa juu ya kutuma pesa.

Lawama kubwa ya majaribio kupuuzwa tunaipeleka kwa idara. Ratiba inakula muhula mzima kwa pendekezo na uandishi wa programu, majaribio yanaachiwa wiki ya mwisho, nauli ya kwenda kwa watumiaji haimo kwenye bajeti. Ndani ya kikundi, anayejua kuandika programu anabeba kila kitu, wenzake wanapanga kurasa na kupeleka ripoti kubandwa jalada. Alama zinafuata wingi wa vitufe na rangi za skrini. Mwanafunzi husoma haraka sana kinachopewa alama, na huyu amesoma kwamba mama wa sokoni hana alama.

Tunawaomba wakuu wa idara wabadilishe hilo kuanzia muhula ujao. Majaribio yaanze katikati ya muhula, tena kwa michoro ya karatasi kabla programu haijakamilika, maana mtu hukosoa karatasi kwa urahisi zaidi kuliko kitu kilichomaliziwa. Kila mwanakikundi aende. Wanaotoa muda wao waombwe ridhaa kwanza, na wafidiwe. Na ripoti isiyoonyesha mtumiaji alikwama wapi na kikundi kilibadilisha nini baada ya hapo, irudishwe kwa wenyewe bila alama.