Nyimbo Wanazitaka, Malisho Wanayachukua

Kuna watu wanaodhani utamaduni ni nguo, nyimbo na chakula. Watu wakivaa, wakiimba na wakila, basi utamaduni upo, serikali imeuhifadhi, twendeni zetu nyumbani. Wengi wa watu hao wana digrii. Baadhi ni waandishi wenzangu wa habari. Leo nataka kugombana nao, na nitatumia mfano wa mbali, kaskazini mwa Norway, ili mtu asije akasema nimeanza siasa za Loliondo. (Loliondo tutafika, msiwe na haraka.)

Februari nilikuwa Tromsø kwa semina ya waandishi. Mji huo uko takriban kilomita 350 kaskazini ya Mzingo wa Aktiki, na baridi yake sitaieleza maana hamtaniamini. Siku ya mapumziko waandaaji wakatupakia kwenye basi, tukapelekwa kambi ya reindia "kujifunza utamaduni wa Wasami". Reindia ni wale wanyama wenye pembe kama matawi ya mti ambao kwenye kadi za Krismasi huvuta kigari cha yule babu mwenye ndevu. Sijui jina la Kiswahili lililozoeleka, kwa hiyo nawaita hivyo. Majike nao wana pembe, na wakati wa baridi kali majike ndio huwa bado nazo, madume wakubwa wameshaziangusha. Kwa hiyo wale wa kwenye kadi huenda ni kina mama watupu, lakini hilo tuliache.

Kambini kila mmoja akapewa ndoo ya chakula cha mifugo. Unaingia ndani ya uzio, reindia wanakuzunguka, wanachovya midomo kwenye ndoo, unapiga picha. Nusu saa. Kisha tukaingia kwenye lavvu, hema la Wasami, tukakaa kuzunguka moto na kula bidos, mchuzi wa nyama ya reindia wenye viazi na karoti. Ni mtamu, sikatai. Kijana mmoja aliyevaa gákti, vazi lao la rangi ya buluu lenye mikanda myekundu, akatuimbia joik. Alitueleza jambo zuri sana: joik si wimbo unaomhusu mtu. Unamjoik mtu mwenyewe, kana kwamba umemleta pale. Vizazi kadhaa vya wachungaji wa kanisa waliwaambia Wasami kwamba hiyo ni kazi ya shetani, na watoto walikatazwa kuiimba shuleni.

Halafu mwenzetu mmoja akauliza: "Una reindia wangapi?"

Yule kijana akacheka. Akamuuliza na yeye ana shilingi ngapi benki. Hema zima likacheka. Mimi nilicheka zaidi maana hata kwetu, nenda kwa mfugaji anayejiheshimu umwombe akuhesabie ng'ombe wake mbele za watu, uone utakavyojibiwa.

Lakini baada ya kicheko alitueleza kitu ambacho ndicho kilichonifanya niandike. Wale wa kwenye uzio, alisema, ni wa kuonyeshwa. Kundi la familia haliishi hapo. Reindia wanahama. Kiangazi wako upande mmoja wa nchi, wakati wa baridi upande mwingine, na watu huwafuata. Familia kadhaa hufuga pamoja katika umoja unaoitwa siida, zikigawana kazi na malisho. Ndama hukatwa alama masikioni, na alama hiyo ndiyo hati ya umiliki. Wakati wa baridi wanyama hufukua theluji kwa kwato ili wafikie majani madogo ya kijivu yaliyo chini. Kijana akasema utalii unawasaidia kubaki kwenye ufugaji, maana nyama peke yake hailipi. Sina ugomvi naye hata kidogo. Anauza anachoweza kuuza.

Ugomvi wangu ni na wanaoangalia ile ndoo na kusema: Wasami ndio hao, wako salama.

Sasa sikilizeni kisa cha Fosen. Fosen ni rasi iliyo karibu na mji wa Trondheim, kusini zaidi ya Tromsø, kwenye ardhi ya Wasami wa Kusini, ambao lugha yao imebaki na wasemaji mia chache tu. Huko ilijengwa mitambo 151 ya umeme wa upepo, katika maeneo ya Storheia na Roan, juu ya malisho ya wakati wa baridi. Wafugaji wakaenda mahakamani. Mahakama ya rufani ikaona suluhisho ni fedha: walipwe, wajenge mazizi, wawalishe wanyama wao kwa chakula cha kununua wakati wa baridi. Yaani uzio na ndoo. Ile ile ndoo yangu ya Tromsø.

Tarehe 11 Oktoba 2021 Mahakama ya Juu ya Norway, majaji 11 kwa kauli moja, ikasema hapana. Kufungia reindia zizini na kuwalisha si ufugaji wa Wasami, na fedha hizo haziwezi kuziba pengo. Vibali vya mitambo vikatamkwa kuwa batili, kwa sababu vimevunja Ibara ya 27 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ile inayolinda haki ya watu wa jamii ndogo kuishi utamaduni wao.

Msomaji, rudia hapo. Mahakama ya juu kabisa ya nchi imesema utamaduni wa Wasami ni mnyama kutembea kwenye malisho yake. Kile tunacholipia kama watalii, mnyama kula kwenye ndoo ndani ya uzio, ndicho mahakama imesema hakitoshi.

Mitambo ikaacha kuzunguka? Wapi! Februari 2023, siku 500 baada ya hukumu, vijana wa Kisami waliovaa gákti zao walikalia Wizara ya Mafuta na Nishati mjini Oslo, polisi wakawabeba nje. Greta Thunberg alikuja kuungana nao, na ndipo vyombo vikubwa vya dunia vikagundua kuwa kuna habari. Machi serikali ikaomba radhi. Desemba 2023 na Machi 2024 zikafikiwa suluhu na pande mbili za wafugaji: fidia ya kila mwaka, malisho mengine, na mitambo ikabaki. Ukishinda kesi huku upande wa pili umeshamwaga zege, ushindi wako ni karatasi.

Kuna atakayeniambia: ndugu yangu, umeme wa upepo ni safi, dunia inaungua. Najua inaungua. Wasami wanajua kuliko wewe. Siku hizi mvua inanyesha katikati ya majira ya baridi, inaganda juu ya theluji, na mnyama hawezi kufukua barafu. Anakufa njaa amesimama juu ya chakula chake. Na Norway ni muuzaji mkubwa wa mafuta na gesi. Sasa anayeuza mafuta anapotaka kusafisha jina lake, kwa nini anayetoa malisho awe mchunga reindia?

Na hili halikuanza na upepo. Mwaka 1902 ilipitishwa sheria kwamba ardhi ya serikali katika mkoa wa Finnmark iuzwe kwa raia wanaojua kusema, kusoma na kuandika Kinorwe. Watoto wakafundishwa kuona aibu ya lugha ya mama zao, sera iliyodumu zaidi ya miaka mia. Baada ya uasi wa Kautokeino wa 1852, viongozi wawili, Aslak Hætta na Mons Somby, walikatwa vichwa mwaka 1854, na mafuvu yao yakapelekwa chuo kikuu kwa ajili ya "sayansi". Yalizikwa mwaka 1997. Sisi tuliongojea fuvu la Mkwawa hadi 1954 hatuhitaji kufafanuliwa hapo.

Ni kweli mambo yamebadilika. Baada ya mapambano ya kupinga bwawa la Alta, kuanzia 1979, Wasami walipata bunge lao mwaka 1989. Norway ilikuwa nchi ya kwanza kuridhia Mkataba namba 169 wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu watu wa asili, mwaka 1990. Mfalme aliomba radhi 1997, Bunge likaomba radhi Novemba 2024. Radhi zipo tele.

Lakini Tromsø hiyo hiyo, mwaka 2011, ilipopendekezwa mji uingie katika eneo la lugha ya Kisami, watu walichachamaa magazetini hadi baraza jipya likaliondoa ombi. Leo fika uwanja wa ndege uone nani yuko kwenye matangazo. Na mwaka 2017, Mahakama ya Juu ilipoamuru mfugaji kijana, Jovsset Ánte Sara, apunguze kundi lake hadi wanyama 75, dada yake Máret Ánne Sara alitundika pazia la mafuvu 400 ya reindia mbele ya Bunge. Baadaye Makumbusho ya Taifa yakalinunua pazia hilo. Malalamiko yametundikwa ukutani vizuri, yamewekewa na taa.

Haya, Loliondo. Juni 2022 ziliwekwa alama za mipaka kwenye kilomita za mraba 1,500, yakatokea mapambano, askari polisi akafa, Wamasai wengi wakakimbilia Kenya. Wakati huo huo nenda duka lolote la vinyago, fungua kijitabu chochote cha safari: Mmasai anaruka, Mmasai ana mkuki. Nilisikia watu wa rika langu, wasomi, wakisema tatizo la wale watu ni kukataa maendeleo, kwamba wakihamishwa watabaki na shuka zao na ngoma zao. Watabaki na ndoo na uzio, ndivyo wasemavyo bila kujua. Mwaka 1989 Moringe Parkipuny, mbunge wa Ngorongoro, alisimama Geneva mbele ya kikundi cha Umoja wa Mataifa kuwasemea wafugaji na wawindaji wetu. Sisi tuliojaa shuleni hatukufundishwa jina lake. Na ule Mkataba namba 169 Tanzania haijauridhia.

Mhariri wangu ameomba maneno 300 na picha ya reindia akila. Maneno nimempa. Picha niliyompelekea ni ya mitambo. Wenye hoja ya kutetea Storheia karibuni tubishane, ila mje na jibu la swali moja: wanyama wale waende kula wapi?