Skrubu ya mbao haina kazi kwenye bampa
Safu ya Mama Shani

Ukikwama kwenye foleni ya Buguruni au Mwenge, yaangalie magari yaliyo mbele yako. Kuna IST ambayo bampa yake ya nyuma imeshikiliwa na skrubu mbili za mbao. Kuna Vitz iliyokatwa kwa kisu plastiki ya juu ya tairi kwa sababu ilikuwa inakwaruza mpira. Kuna RAV4 ya mwaka 2002 au 2003 ambayo plastiki zake nyeusi za ubavuni zimepauka hadi kuwa kijivu, na upande mmoja zimefungwa kwa waya. Injini za magari haya bado zinavuta. Plastiki ndizo zimetangulia kuchoka, na sisi wenyewe tumekubaliana kimyakimya kwamba huo ni urembo, mwenye hela atarekebisha na asiye nazo aache.

Si urembo. Kila kipande kilichowekwa na kiwanda nje ya gari kina kazi yake. Na kazi ya kukibadilisha, karibu yote, mwenye gari anaweza kuifanya uani kwake, akaifanya vizuri kuliko fundi mwenye magari matano yanayomsubiri chini ya mwembe.

Chukueni plastiki ndefu nyeusi iliyolala chini ya kioo cha mbele, inapochomoza mikono ya waipa. Wengi hawaijui hata kwa jina. Kazi yake ni kuyapokea maji yote ya mvua yanayoteremka kwenye kioo na kuyaelekeza pembeni, yasiiangukie mota ya waipa wala tundu linaloingiza hewa ndani ya gari. Ikipasuka, majani ya mkungu au ya mwarobaini huingia, huoza na kuziba njia ya maji. Masika yanapokuja, maji yanatafuta njia nyingine, na siku moja abiria wa mbele kushoto anavua viatu kwa sababu zulia limelowa. Watu huenda kubadilishiwa mpira wa mlango, wengine hupaka silikoni kuzunguka kioo kizima, na tatizo linabaki palepale. Plastiki hiyo ndiyo ya kutazamwa kwanza.

Kuitoa kunahitaji spana namba 14 kwa nati za mikono ya waipa kwenye Toyota nyingi, namba 10 kwa boliti ndogo, na bisibisi bapa iliyozungushiwa tepu isichubue rangi. Kabla hujagusa nati, weka alama kwenye kioo kwa kipande cha sabuni mahali waipa zilipolala, ili uzirudishe pale pale. Mkono wa waipa ukigoma kutoka, utikise taratibu kushoto na kulia; ukiupiga nyundo utaharibu meno yake, na waipa itaanza kuteleza katikati ya mvua. Ziba kwa kitambaa nafasi iliyobaki wazi, kwa kuwa nati ikitumbukia humo utaitafuta hadi jioni. Ukishaitoa plastiki, zoa majani yote na umwage jagi la maji uone yanatokea wapi. Yakitoka chini karibu na tairi, njia iko wazi.

Sasa nije kwenye klipu, maana hapa ndipo tunapoharibikiwa. Bampa, shoo na plastiki ya ndani ya fenda hushikwa kwa kiasi kikubwa na vishikizo vidogo vya plastiki vyenye pini katikati. Ukivuta pini, kishikizo kinalegea, ukiisukuma, kinakaza. Vimetengenezwa viwe dhaifu kuliko vinachokishika, ili ukigonga jiwe kivunjike kishikizo na bampa ipone. Fundi mwenye haraka hung'oa kwa nguvu, vinakatika vinne, anarudisha viwili, na panapobaki wazi anapiga skrubu.

Nimewahi kumsimamisha kijana mmoja mkono ukiwa tayari umeshika drili. "Mama, napiga mbili tu, hii haitoki tena." Nikamwambia, "Mwanangu, usitoboe. Nitafutie klipu, nitasubiri." Alikwenda, akarudi nazo, na bampa ikakaa kama ilivyotoka kiwandani.

Ubaya wa skrubu unaonekana baadaye. Plastiki ya bampa hutanuka kwa joto mara nyingi zaidi ya chuma. Klipu huiachia nafasi ya kutanuka na kusinyaa, skrubu haiiachii. Gari likishinda juani Kariakoo na kulala kwenye umande, ufa unaanzia kwenye tundu la skrubu na kila wiki unasogea. Nalo tundu lililotobolewa kwenye bati limekwishavunja rangi, na kwa sisi wa pwani, hewa ya chumvi haihitaji zaidi ya hapo.

Kwa hiyo nunua klipu kabla hujaanza, tena za ziada. Pima kipenyo cha tundu, usipime kichwa cha klipu ya zamani, kwa sababu zipo zenye vichwa sawa na miguu tofauti. Kwenye Toyota, namba ya klipu nyingi huanza na 90467, na namba ya bampa ya mbele huanza na 52119. Mara nyingi namba ya bampa imepigwa upande wa ndani wa plastiki yenyewe. Ziandike au zipige picha, uende nazo dukani. Nenda pia na aina ya bodi iliyoandikwa kwenye kibati chini ya boneti, kwa sababu kumwambia muuzaji "nataka bampa ya IST" hakutoshi. IST ya kwanza, ile ya 2002 yenye bodi za NCP60, NCP61 na NCP65, haishei bampa na ile iliyotoka 2007. Kibati hicho hicho kina namba ya rangi: 040 ni nyeupe, 202 ni nyeusi. Mchanganya rangi akiipata namba, hakisii tena kwa macho.

Na uangalie bidhaa inatoka wapi. Spea nyingi zinatufikia kupitia Dubai na Sharjah, na huko magari yana usukani wa kushoto. Taa ya nyuma inaweza kukubali. Ile plastiki ya chini ya waipa haikubali, kwa sababu kwenye magari yao waipa zinafagia kinyume na zetu na matundu yake yako upande mwingine. Nimeona watu wakiikata kwa msumeno ili iingie. Hela imepotea na maji yanaendelea kuingia.

Kuhusu gundi nitasema machache. Geuza kipande kilichopasuka, utafute herufi zilizopigwa kwa ndani. Zikiwa PP, hiyo ni polipropilini, na gundi ya matone ya dukani haiishiki, itabanduka kabla ya mwezi. PP huyeyushwa kwa pasi ya moto na kuungwa kwa plastiki ya aina yake. Zikiwa ABS, gundi inayofaa huishika vizuri. Ila kipande kilichovunjika masikio, yaani zile sehemu zinazoingia kwenye vishikizo, usikishone. Kibadilishe.

Mikanda ya milangoni na nembo hushikwa kwa dabo tepu. Ya zamani hutolewa kwa mshipi wa kuvulia samaki: unaupitisha nyuma ya mkanda na kuukata kwa kuuvuta huku na huku, bila kugusa rangi. Gundi iliyobaki ilainishe kwa mafuta ya taa, osha kwa sabuni, kisha malizia kwa spiriti. Hatua ya mwisho usiiruke, kwa sababu mafuta ya taa huacha utando na tepu mpya haitashika. Tepu nzuri ya akriliki hufika karibu asilimia 90 ya nguvu yake baada ya saa 24, na hukamilika baada ya saa 72. Fanya Jumamosi, na gari usilipeleke kuoshwa hadi katikati ya wiki.

Saa ya kufanya kazi nayo ina maana. Wa Dar na Tanga, subirini plastiki ipate joto la asubuhi ndipo muanze kuvuta. Ndugu zetu wa Njombe na Makete, Juni ikiwa imekaza, wamwagie maji ya moto kwanza, la sivyo klipu zitakatika zote. Na ukishatoa plastiki za juu ya matairi kwenye RAV4 au gari lolote la aina hiyo, usirudishe mpya papo hapo. Nyuma yake hukaa tope lenye unyevu miaka mingi. Osha, kausha, sugua kutu, paka rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, ndipo ufunge.

Hizo dizeli na oili chafu wanazopaka vijana wa kuosha magari ili plastiki iliyopauka ing'ae, zikataeni. Ule weusi wa kiwandani unatokana na masizi yaliyochanganywa ndani ya plastiki kuzuia miale ya jua, na jua ndilo lililoila. Dizeli hairudishi kitu. Inabeba vumbi na kuvimbisha mipira ya milango.

Limebaki jambo linaloniuma kuliko yote. Vioo vya pembeni, taa na shoo huibwa usiku, na asubuhi mwenye gari anashauriwa akatafute "kimoja kama hicho" kwenye maduka ya spea ya Gerezani. Wengi huchora namba ya gari kwenye kioo na taa kujikinga. Wafanyabiashara waadilifu wa Gerezani ni wengi, na wanaumia kwa sifa hii. Lakini mnunuzi ana macho. Kioo kilichotolewa kwenye gari linalokatwa kwa spea huja na soketi yake ya waya. Kilichong'olewa gizani huja na waya uliokatwa kwa koleo, sehemu za kufungia zimevunjika, na mahali palipokuwa na namba pamekwaruzwa. Bei yake ni nusu, na anayekuuzia anataka mmalizane barazani. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inamhesabu anayepokea mali huku akijua ni ya wizi kuwa mhalifu. Sheria ikae pembeni kidogo: aliyeibiwa jana ni jirani yako wa Tabata, na ukinunua leo, kesho watarudi kwako.

Magari haya tutakuwa nayo muda mrefu. Wenzetu wa Kenya hawaruhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Kwetu gari kuukuu huingia kwa kulipiwa ushuru wa ziada wa umri wake, na likishaingia hutumika hadi mwisho. Ndiyo maana nawaomba wenye maduka ya spea waweke klipu kwa wingi, wasiziache kwa machinga peke yao. Na wewe msomaji, kabla ya masika fungua boneti, kagua ile plastiki ya chini ya waipa. Ukienda kununua nyingine, au kioo, au shoo, dai risiti ya EFD. Duka lisilotaka kuitoa, toka uende la jirani.